Boti ya Mfano Iliyopinda

Zuhra, nabandua vibao vya ile boti yangu ya mfano huku nakuandikia. Vidole vimejaa gundi.

Ami Sadala kaja kuiona. Si alisema nikimaliza moja ndogo atanipa nafasi bandani kwake, nijifunze kuunda boti za kweli? Ndiyo maana nilinunua sanduku la vipande vya kuunga boti, la wanaoanza, dogo kuliko yote.

Kaiinua mbele ya mafundi wake. Imepinda, shoga. Imepinda kama ndizi.

Kasoma karatasi ya maelekezo kwa sauti. "Hapa wanasema mataruma kwanza, mbao baadaye. Bibi fundi, wewe umemfuata nani?"

Nikasema, nimekufuata wewe, ami. Wewe huanza na mbao, hayo mataruma, mbavu za ndani, unayapachika mwisho. Miaka sita nawaletea chai, nakuangalia.

"Mimi sijakufundisha kitu."

Wakacheka wote. Akarudia taratibu: "Sijakufundisha kitu. Ulikuja na chai."

Halafu kanirudishia boti, kikombe chake kitupu kakiweka ndani.

Kikombe, Zuhra. Ndani ya boti.

Nimebandua vibao tisa. Kumi na kimoja vimegoma, gundi imekauka. Hivyo vilivyobaki nitavibandua kesho, nikishawapelekea chai.