Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Mkunazini, Unguja
14 Februari 2008

Mdogo wangu Talal,

Assalaam alaykum. Huku wazima, ila Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Tunaomba na nyinyi huko Muscat mko salama, wewe na Mama mdogo Shariffa aliyekupa chumba. Nasikia umenenepa. Hizo halwa za watu, jikaze.

Barza yetu ya matangazo ya misiba inakwenda vizuri. Wakati ukiitengeneza ile tovuti kabla hujasafiri nilikwambia hapana atakayeisoma, na leo wanaisoma mpaka Dubai na London. Juzi nilitangaza maziko ya Bwana Borafya wa Malindi. Kawaida yangu unaijua: siandiki jina la maiti mpaka nimeingia nyumbani kwake, nimekaa mkekani na wafiwa, nimeambiwa saa ya maziko kwa midomo yao. Ndiyo maana watu wakiona "Khawla binti Nasser" chini ya tanzia hawapigi simu kuuliza. Wanatia buibui wanatoka.

Sasa nina neno. Unamkumbuka Mwanakheir niliyesoma naye skuli? Anafundisha kompyuta siku hizi. Aliifungua Barza kazini kwake, akaniambia, "Khawla, mnatumia maktaba ya JavaScript iliyopitwa na wakati." Nikamwambia anisemeshe kama mtu. Akanieleza kuwa maktaba hiyo ni fungu la amri zilizoandikwa na watu wengine, na mtengeneza tovuti hulichukua lilivyo ili asianze kuandika yote mwenyewe. Wenye fungu wakigundua lina tundu hutoa toleo jipya, na hutangaza tundu la lile la zamani liko wapi. Basi anayebaki na la zamani, kila mwizi anajua pa kumuingilia.

Letu ni la miaka miwili nyuma. Anasema hatari khasa iko pale wageni wanapoandika rambirambi. Mimi naweza kuandika matangazo tu, kuyabadilisha mafaili ya ndani unaweza wewe peke yako. Libadilishe, tafadhali.

Dadako,
Khawla


Muscat
3 Machi 2008

Dada Khawla,

Shikamoo. Mimi sijambo, na sijanenepa, ni maneno ya watu. Mama mdogo anakusalimia. Ijumaa anaanza kungoja simu ya Mama tangu asubuhi, ameiweka mapajani, ukipita karibu anakufukuza usije ukaigusa. Wakianza kuzungumza wale wawili sijui hata pumzi wanavuta saa ngapi.

Ile kazi yako tayari. Leo hii nimebadilisha, wallahi. Mwambie Mwanakheir afungue faili aangalie mstari wa kwanza, ataona namba ya toleo jipya. Na mwambie aache kukutisha, mimi hii ndiyo kazi yangu. Hapa kazini bado niko kwenye majaribio, sina hata nafasi ya kukuna kichwa, lakini lako nimelitanguliza.

Mdogo wako,
Talal


Mkunazini
10 Machi 2008

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, za Mama na zangu. Mwanakheir ameangalia mstari wa kwanza, ameiona namba mpya, ameridhika. Nimemwambia, "Umemuona ndugu yangu?" Nimejivuna kidogo. Allah akuzidishie.

Dadako,
Khawla


Mkunazini
19 Novemba 2008

Talal,

Assalaam alaykum. Nimekupigia mara sita hupokei. Mama mdogo anaendeleaje? Bi Khairiya jirani yenu ameniambia ameanguka na amelazwa, zaidi hajui.

Nakuandikia ujue ilivyokuwa. Jumatatu saa tano Mama alikuwa anachagua mchele, mimi nimekwenda Darajani. Simu ikalia, akapokea mwenyewe. Alikuwa binti wa marehemu ami yetu, kutoka London, analia kwa kwikwi. Mama akamuuliza, "Kafa nani, mwanangu?" Yule akapiga ukelele akakata.

Niliporudi akanieleza, nikakimbilia kompyuta. Juu kabisa ya Barza pameandikwa kuwa Bi Muzna, mama yetu, amefariki alfajiri na atazikwa alaasiri, na chini yake jina langu. Maneno ni yangu, Talal! Ni tanzia ya Bwana Borafya, mtu amefuta jina lake akatia la Mama, alilolikuta kwenye ukurasa wa anwani yetu. Mwisho akaongeza kuwa anayetaka kuona picha za maziko abonyeze hapa, na waliobonyeza waliulizwa neno la siri la barua pepe zao wakaibiwa. Niliifuta ikiwa imekwisha kukaa pale saa tatu nzima. Bi Khairiya anasema kabla ya hapo yeye na wanawake wanne walikwisha kwenda kumpa Mama mdogo mkono wa tanzia, na hapo ndipo alipoanguka. Hapana hata mmoja aliyepiga simu kuuliza, kwa sababu jina langu lilikuwa pale.

Nijibu. Ameingiaje huyu mtu?

Dadako,
Khawla


Muscat
25 Novemba 2008

Dada Khawla,

Shikamoo. Mama mdogo amepata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na hawezi kutamka. Madaktari wanasema maneno huenda yasirudi.

Nimechunguza. Mtu aliandika rambirambi, ndani yake akaficha amri. Wewe ukaifungua, naye akapata ufunguo wako wa kuandikia. Dada, ulifungua ujumbe wa mtu usiyemjua. Watu huku wananiuliza, nimelazimika kuwaambia ukweli huo. Sikulaumu, ni kutojua tu.

Mdogo wako,
Talal


Mkunazini
8 Januari 2009

Mdogo wangu Talal,

Assalaam alaykum. Afya zetu si mbaya. Mama mdogo je, anakula?

Uliyosema nimeyapokea. Rambirambi zote nilikuwa nazifungua mimi, nitazichaguaje? Lakini niliifungua, na sina pa kukimbilia. Maneno yako yamefika huku. Wiki iliyopita nilikwenda msibani Kajificheni, nikakaa mkekani, na mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akasogea. Barza nimeifunga isiandikwe kitu.

Nakushukuru kwa Ijumaa. Mama anapiga simu kama zamani, wewe unaishika kwenye sikio la Mama mdogo, na Mama anasema peke yake nusu saa. Anamhadithia bei ya pweza na nani kaolewa. Akimaliza anakaa anasikiliza ile pumzi. Mimi ndiye niliyemnyamazisha ndugu yake, na hajanitupia hata neno moja. Bora angenitukana.

Dadako,
Khawla


Mkunazini
2 Machi 2009

Talal,

Assalaam alaykum. Sikuulizi hali leo.

Jana Mwanakheir amekuja. Amesema jambo hili limemkera miezi yote, kwa sababu toleo jipya la maktaba ile lingezikataa amri zilizofichwa kwenye rambirambi. Lisingezitekeleza hata ningezifungua mara mia. Basi akalichukua toleo jipya kutoka kwa wenyewe, akaliweka sambamba na faili la Barza, tukalipitia mstari kwa mstari. Kisha akaleta la zamani. Faili letu ni lile la zamani, herufi kwa herufi, isipokuwa mstari wa kwanza. Umeandika namba mpya juu, ndani hukugusa kitu. Na siku faili lilipoguswa imeonyeshwa pale pale: 3 Machi 2008, siku uliyoniapia.

Mwanakheir alilia. Anasema angesoma mstari wa pili tu angejua. Nimemwambia sikumtegemea yeye, nilikutegemea wewe.

Miezi mitatu umeniacha nibebe. Umewaambia watu ni mimi. Unakaa chumba kinachopakana na cha Mama mdogo, unamlisha, unajua ni wewe, na unaniandikia kuwa hunilaumu! Nimedhulumiwa na mwizi nisiyemjua, hilo nimelimeza. Lako halipiti.

Mwambie Mama. Kwa mdomo wako.

Dadako,
Khawla


Muscat
9 Machi 2009

Dada yangu Khawla,

Shikamoo, na naomba uisome mpaka mwisho.

Ni kweli. Siku ile nilijaribu kulitia toleo jipya, na kila nilichokiandika mimi kikavunjika: picha hazifunguki, orodha haishuki. Ningehitaji wiki mbili kuandika upya, na kazini walikuwa wananipima kila siku. Nikasema nitie namba kwanza, utulie, nitakuja kufanya. Kisha nikasahau. Wallahi nilisahau.

Dada, nakuomba. Sasa nimeajiriwa kwa usalama wa tovuti za watu. Ikijulikana, imekwisha kwangu. Wewe watu watakusamehe, wanasema hukujua tu. Mimi nilikuwa najua. Na Mama nitamwambiaje? Tuiache hivi. Nitamtunza Mama mdogo maisha yangu yote.

Mdogo wako,
Talal


Mkunazini
21 Machi 2009

Talal,

Salamu ni haki ya kila Muislamu: assalaam alaykum.

Nilikungoja Ijumaa mbili. Ya kwanza niliposikia umeamkia "Shikamoo Mama", nikasema sasa anasema. Ukamshikia Mama mdogo simu. Jana vile vile, na Mama alipomaliza ukamwambia, "Haya Mama, wiki ijayo," ukakata.

Basi nimemsomea barua zetu zote, zako na nakala za zangu, kuanzia ya kwanza. Alikuwa anachambua mchicha. Nilipofika kwenye ile uliyoniapia, akaacha. Nilipomaliza ikaadhiniwa, akenda kusali, akarudi akaniambia, "Sitaki tena mkono wake uwe baina ya mdomo wangu na sikio la ndugu yangu. Nnakwenda mwenyewe."

Mama, ambaye hajapata kupanda ndege, na ngazi za nyumba hii anazipumzikia mara tatu. Pasi yake tumeishughulikia asubuhi hii, na mimi nitamsindikiza. Atamshika mkono Mama mdogo, ili Mama mdogo amuone kwa macho yake kuwa yu hai, kisha Mama atakaa naye.

Tangazo la mwisho la Barza nimeliandika baada ya kukaa mkekani na Mama na kuambiwa kwa mdomo wake, kama kawaida yangu. Linasema Bi Muzna ni mzima na anasafiri kwenda kwa ndugu yake, na kwamba tanzia ile sikuiandika mimi. Jina lako sikulitia. Mama amesema hilo atakuuliza yeye, mbele ya Mama mdogo.

Tukipata ndege tutamjulisha Bi Khairiya. Yeye ndiye atakayekuja kutupokea. Wewe usije.

Khawla binti Nasser