Jioni Baba Mkwe Aliponiombea

Dada Losivale,

Huku kisiwani Savaii tuko salama. Mvua imeozesha magimbi. Nguruwe wako amezaa tena, na mama mkwe ananitazama kana kwamba mimi na huyo nguruwe tulikuwa tunashindana.

Ile mimba ya kupandikiza tuliyoifuata huko kwako Auckland haikushika. Daktari alitaka turudie. Nikamwambia Iakopo, "Mume wangu, mimi basi." Alilia, kisha akaenda kumwambia baba yake.

Unamjua baba mkwe, shemasi aliyesema hospitali inamnyang'anya Mungu kazi. Miaka yote hii, kila sala ya jioni: "Bwana, fungua tumbo la Sinapati!" Nyumba nzima inasikia, nami nimeinama kama mshtakiwa.

Jana aliombea magimbi, mchungaji, hata nguruwe. Nikakaza meno nikingoja zamu yangu.

"Na asante, Bwana, kwa binti yetu Sinapati. Amina."

Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Mzee, umesahau tumbo."

"Sijasahau. Mungu si kiziwi. Pakua chakula."

Dada, nilikula mpaka Iakopo akanisogezea sahani yake.

Mdogo wako,
Sinapati