Ndege Aliyemzuia Mama

Jumamosi, Aprili 1998, Germantown. Jua limetoka baada ya mvua ya wiki nzima, majani ya nyuma ya nyumba yanang'aa, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Leo dirisha la chumbani lilikuwa kimya.

Siku zote hizi ndege mwekundu mwenye kishungi amekuwa akija kila kukicha, anatua kwenye kichaka chini ya dirisha letu, kisha anarukia kioo. Anagonga kwa mdomo, anarudi nyuma, anajipanga, anagonga tena. Nilimtazama asubuhi moja tu nikamwelewa. Ni majira ya kutaga, mkewe yuko kichakani, na kila akitazama kioo anamwona dume mwingine aliyekuja kumpora. Anapigana na sura yake mwenyewe. Mjinga, lakini namsamehe, ubongo wake haufiki punje ya harage.

Wifi yangu Josefina hana kisingizio hicho.

Huyu ni dada wa mume wangu, anakaa Oxon Hill, na haji kwetu ila pawe na jambo la kuharibu. Jumapili iliyopita alimsikia ndege, akaweka kikombe cha chai chini, akamgeukia kaka yake.

"Deo, ndege hagongi dirisha la mja mzito bure. Katumwa. Jiulize, nani kapata viza juzijuzi? Cancel tiketi yake mapema."

Aliyepata viza ni mama yangu. Anakuja Mei nikijifungua, anikande, anipikie mtori wa ndizi, anilee uzazi. Sina mtu mwingine huku ughaibuni. Deo anatoka alfajiri na treni, anarudi giza limeingia, na Josefina simwachii hata paka.

Nilingoja mume wangu acheke. Hakucheka. Alisema mambo haya si ya kupuuza. Mtu anayeshinda mjini akitengeneza kompyuta.

Namjua. Kwao mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake, na bafu letu ni moja. Tangu tiketi itajwe anaogopa kukutana na mama koridoni akiwa na taulo. Angeniambia hivyo, tungetafuta njia. Ameona afadhali mama yangu awe mchawi.

Jana jioni nilichukua kipande cha sabuni, nikatoka nje na tumbo langu, nikapaka kioo chote mpaka kikawa cheupe. Pasipo na sura hapana ugomvi. Leo ndege hakugonga, nikaenda jikoni na maneno yangu tayari.

Deo alikuwa ameketi kwa amani kabisa, sauti ya Josefina inatoka kwenye spika ya simu. "Si unaona, kaka? Umempigia jana tu, leo kimya."

Nilipombana Deo, akakiri: alimpigia mama yangu nikiwa nje napaka sabuni. Kamwambia asije, nyumba ni ndogo. Mama akajibu, "Sawa, baba," akauliza kama nakula vizuri.

Nililia, sikatai.

Kisha nikajaza ndoo maji ya moto, nikatoka, nikaosha kile kioo mpaka nikaona uso wangu. Deo aliuliza nafanya nini. Nikamwambia nafanya usafi.

Sasa namsikia ndege kichakani, anaimba. Kesho kukicha atagonga, na mama yangu atakuwa Moshi, hana tiketi. Nataka nimtazame mume wangu machoni nikimuuliza: huyu sasa katumwa na nani?