Mwalimu Zebedayo Aliyetoka Nje ya Darasa Lake

Mwaka umezunguka sasa, Mwalimu wetu, tangu asubuhi ile ya Mei 1912 tuliposubiri ukohoe, nawe hukukohoa.

Kijiji chetu chote cha Ngonga kilikizoea kikohozi chako. Kifua hakikukuuma hata siku moja. Ulikohoa kila ulipokaribia kona ya nyumba au mpindo wa njia, ili Neli, mke wa mwanao Ezra, akusikie na kugeuka kando kabla hamjakutana. Mila yetu ndivyo inavyotaka: mkamwana asiuone uso wa baba mkwe wake, wala asiseme naye ana kwa ana. Wazee wengine hukohoa mara moja, kwa adabu, basi. Wewe ulikohoa kama ng'ombe aliyepaliwa na ganda la ndizi, na kuku walitawanyika.

Miaka kumi na miwili ulifundisha katika shule ya walimu, ile ya ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kutoka misheni ya Ipyana. Chaki uliibana mpaka ukabaki ukucha mtupu unaokwaruza ubao. Ulikuwa na daftari kubwa la kuandikia mambo ya nchi hii: majina ya samaki wa ziwani, aina za migomba, dalili za mvua. Kila Ijumaa wanafunzi walirudi makwao na swali moja la kuwauliza wazee, na Jumatatu walileta majibu. Pasipo na jibu uliandika "Sijui" kwa herufi kubwa, tena kwa furaha. Aliko, mtu mzima mwenye ndevu zake, alitumwa kumuuliza bibi yake kwa nini hali kambale, akarudi na alama ya fimbo mgongoni.

"Andika hivyo hivyo," ulimwambia. "Hilo nalo ni jibu."

Neli aliolewa kutoka Lyulilo, kwa Wakisi, watu wa kufinyanga vyungu. Siku moja alikuwa amekaa nje, nyuma ya ukuta wa darasa lako, akimenya ndizi za chakula cha wanafunzi. Ukauliza kwa nini chungu hupasuka motoni. Huyu akasema moto mkali, yule akasema kuni mbichi. Neli akashindwa kuvumilia. Akamwita Aliko, aliyekuwa ameegemea ukuta wa mianzi, akamnong'oneza.

"Mwalimu," Aliko akasema, "kuna mtu hapo nje anasema chungu hakipasuki motoni. Kilikwisha kupasuka tangu siku kilipofinyangwa, kwa udongo usiokandwa ukalainika. Moto unatangaza tu."

Uliweka chaki chini. Kisha ukasema, "Mwambie huyo mtu wa nje, kesho aje na kibao cha kuandikia."

Alisoma hivyo miaka mitatu, yeye kwenye upenu na wewe ndani, ukuta katikati, Aliko akiwa mdomo wenu nyote wawili. Ukaanza kutamka kila neno ulilokuwa ukiliandika ubaoni, polepole, herufi kwa herufi, nasi tukadhani uzee umekuingia. Aliko alipitisha kibao chini ya ukuta, wewe ukakisahihisha, kikarudi. Neli anasema alijua hali yako kwa jinsi kibao kilivyorudi: kikisukumwa kwa mguu, basi hesabu zake zilikuwa ovyo.

Wakati huo darasa la wanawake lilikuwa halina mwalimu, ukamwandikisha Neli afanye mtihani wa cheti cha ualimu. Hapo mambo yakaharibika. Sheria ilitaka anayetahiniwa asimame ndani, aulizwe na mwalimu aliyemfundisha, huku Bwana mkaguzi, Mjerumani, akisikiliza. Alipoelezwa habari ya ukuta alikunja uso.

"Mkristo hamfichi mkwewe uso," alisema. "Aingie, au jina lake nalifuta."

Neli alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mama yake alikuwa amemletea neno kutoka Lyulilo kwamba mkamwana anayevunja heshima hii hazai. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Ungeweza kusema hayo ni mambo ya zamani, ingia binti yangu, na hakuna ambaye angekulaumu. Neli alikuwa nje karibu na mlango, nguo ameivuta mpaka puani. Cheti alikitaka, na mtoto alimtaka. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika.

"Aliko," ulisema, "mwambie mkamwana wangu aingie. Mimi natoka."

Ukakohoa. Neli akazunguka kona ya jengo ili upite, nawe ukatoka na kushika upande wa pili.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Nje, Bwana. Mimi si chumvi, mvua hainiyeyushi."

Ukasimama kwenye upenu, pale pale alipokaa yeye miaka mitatu, ukauliza maswali yote kwa kupaza sauti juu ya kelele ya mvua kwenye majani ya paa. Neli, sasa akiwa ndani, alimjibu Bwana mkaguzi, na Aliko akakurushia majibu kupitia ukutani. Wanafunzi walicheka mwanzoni, halafu hakucheka mtu. Swali moja lilimshinda, naye akasema hajui, bila kubabaika, kama ulivyowafundisha wote. Ulipomaliza, maji yalikuwa yanakutiririka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mkaguzi alikuwa mkali, lakini dhalimu kwa Neli hakuwa: alimpa cheti chake. Wewe alikuandikia barua. Mwalimu anayeliacha darasa kwa ajili ya mila za kale, ilisema, hafai kuliongoza. Mwezi uliofuata ulirudi Ngonga na daftari lako kwapani, ukashika jembe.

Sasa tuseme lililo moyoni. Tulikukasirikia, Mwalimu. Hatukukuambia, ila ulijua. Mama Veronika, mkeo kwa miaka thelathini, alikupakulia chakula na kukiweka mbele yako bila neno, wiki baada ya wiki. Ezra alisema, tena ukiwa karibu na kusikia, kwamba baba ametupa kazi yake kwa kuogopa maneno ya wanawake. Mdogo wako Yotamu alikuita mjinga mbele ya wageni. Tuliona haya kanisani, maana waliozoea kutuamkia "Ugonile, watu wa Mwalimu" walianza kutuamkia kwa mkato. Nawe ulipalilia migomba yako na kuwauliza wapita njia majina ya ndege. Anyitike alipozaliwa, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, ulicheka siku nzima peke yako. Hata siku hiyo hatukukuambia kitu. Tulidhani muda upo.

Homa ilikuchukua kwa siku nne.

Tulipokwisha kukuosha tulimwambia Neli aingie akuone, kwa kuwa sasa hakuna tena wa kufichwa uso. Alikataa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti penye ukuta, upande kilikokuwa kichwa chako. Aliko naye alikuwa msibani. Kwa mazoea tu aliinuka, akamsogelea apokee maneno ayafikishe. Neli akamzuia kwa mkono. Akasema mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo huu, na kwa Kinyakyusa chetu, si kwa Kikisi cha kwao: "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba.

Maneno matatu. Sote tuliyasikia, na hatukuweza kutazamana.

Yeye alikushukuru siku ile ile ulipotutoka, na hata hivyo aliona amechelewa. Sisi tumechukua mwaka mzima. Tumemwona kila asubuhi akivuka mto na Anyitike mgongoni kwenda kuwafundisha wanawake ishirini na wawili, wengi wao wakamwana wa watu, nao hawaogopi kuja kwa sababu wanajua hapo hakuna atakayewalazimisha kuchagua. Kazi yako haikutupwa. Tuliotupa ni sisi, tuliotupa siku zako mbili tatu za mwisho za kusikia neno jema kutoka kwa watu wako. Ulifanya vema, Mwalimu. Utusamehe.

Tunaokukumbuka ni mkeo Veronika, ambaye ametaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyenyamaza zaidi, mwanao Ezra, mdogo wako Yotamu, Aliko na wanafunzi wako wote walioko bara na ziwani, mjukuu wako Anyitike, asiyeacha kuuliza maswali, na Neli, mkamwana wako, mwalimu.

Siku zote tutakukumbuka, na tutakukumbuka kwa sauti.