Mwizi wa Uyoga wa Kichuguu Changu

Jumatatu, 4 Mei
Mvua imenyesha. Nimefagia uwanja, nimefungulia kuku, nimekwenda kwenye kichuguu. Uyoga hakuna tena. Vipande tu. Na leo ni siku ya soko Koboko! Kichuguu hiki aliniachia baba mkwe, uyoga na kumbikumbi wake ni wangu, kijiji chote cha Midia kinajua. Nani anapita hapo kila siku? Jirani yangu Mama Safi, yule Mkongo. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 5 Mei
Nimemwambia kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wote, kwamba yeye ndiye mwizi. Sikuzunguka. Ameshika kiuno: "Mama Mukubwa, kama mwizi iko mutu mwingine, utanipa huyo mwizi?" Nimesema nitakupa, umpike ukitaka. Wamecheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 7 Mei
Tangu alfajiri nyuma ya kichuguu, na fimbo. Matako yamelowa. Jua limetoka, mwizi naye ametoka. Kobe! Mkubwa kama sufuria ndogo, anatafuna uyoga wangu, macho amefumba kwa utamu. Zamani walikuwa wengi, ukipalilia simsim jembe linagonga gamba. Wamemalizwa na moto wa kiangazi, na vyungu vyetu tulivyowapikia. Tangu mjukuu wangu wa kwanza azaliwe sijaona hata mmoja. Nimemgusa. Amevuta kichwa, kisha gamba la nyuma limejikunja, likafunga kama mlango wenye bawaba. Ubavuni ana kovu la moto. Nimecheka peke yangu kama kichaa.
Halafu nimekumbuka neno langu kwenye bomba.

Ijumaa, 8 Mei
Nimempigia Driciru, binti yangu wa Arua, yule aliyenifundisha kuandika nikiwa tayari bibi. Ameuliza mtu wa mambo ya wanyama. Amejibiwa kobe hao wamebaki wachache. Jike anataga mayai machache tu. Kiangazi analala chini ya udongo, moto unampitia juu. Nisimfuge, nisimhamishe. Kumla, sheria imekataa.
Vizuri. Lakini mimi ndiye niliyemtukana mwanamke asiye na kosa. Nikinyamaza, kobe anapona, Mama Safi anabaki mwizi. Nimefikiria hilo, ndiyo. Nimefikiria mpaka ugali umeungua. Naona haya.

Jumamosi, 9 Mei
Nimesema yote kwenye bomba, kwa sauti. Sijatua jerikeni, Mama Safi huyo mlangoni na sufuria. Amebeba hata chumvi! "Leta mwizi yangu."
Nimempeleka. Kobe amefunga mlango. Mama Safi amechuchumaa, amebisha kwenye gamba kwa kidole, kama mgeni. Kimya. Amebisha tena. Amecheka mpaka amekaa chini. Kisha amesema kwao, ng'ambo ya mpaka, waliwala wote, watoto wake hawajawahi kumwona. Lakini neno ni neno. Sufuria hajaiweka chini.
Badala ya kobe, nimempa nusu ya kichuguu. Uyoga nusu, kumbikumbi nusu, yeye na watoto wake. Moyo umeuma, sifichi. Amekubali, na sharti: hapa moto usiwashwe tena. Sharti hilo lilikuwa langu, ameniwahi!

Jumapili, 17 Mei
Baada ya kanisa tumechuma, yeye upande wake, mimi wangu. Sufuria ile ile imejaa. Tumeacha uyoga mmoja, mnene, chini kabisa.
Jioni nimepita. Umeng'atwa upande mmoja.