Springi Nilizokwambia Uzikate

Shaibu, mwana wa dada yangu,

Barua zote nilizowahi kuandika nilianza kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yako. Leo mambo yamegeuka. Wewe umeshatulia kwa Mola wako, wasiwasi ni juu yangu. Mwandiko uniwie radhi. Unajua shule niliiachia darasa la tano, ingawa watu nawaambia mwalimu ndiye aliyeogopa maswali yangu.

Gari ya marehemu baba yako iko uani hapa Makorora, imefunikwa turubai. Kuku wametaga chini yake. Mama yako hapiti tena upande ule, nguo anakwenda kuanika kwa jirani. Mwezi wa tatu huu tangu ajali. Kila Ijumaa nakuja, nakaa naye, naondoka, na lile lililonileta narudi nalo tumboni.

Watu wanasema ulijitakia. "Fundi mzuri, lakini papara. Kakata springi apate sifa." Hata yule fundi mzee aliyeikagua gari baada ya ajali alisema hivyo hivyo mbele ya mama yako. Springi zilikuwa fupi, gari ilipopanda lile tuta la shamba la mkonge tairi ikaning'inia, springi ikachomoka mahali pake, usukani haukushikika. Akauliza, "Nani kafanya upuuzi huu?" Mama yako akajibu, "Mwanangu." Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Mdomo huu, Shaibu, ambao haujapata kukosa neno tangu nizaliwe. Sikusema kitu.

Unaikumbuka siku ile baada ya alasiri, kwenye baraza la mbele ya nyumba yenu, mama yako yuko sokoni? Ulikuja na daftari, mpango mzima umeuchora. Gari moja, kazi mbili. Siku za kazi impeleke mama yako sokoni Mgandini na vikapu vyake, Jumapili ikashindane kwenye uwanja wa zamani wa ndege kule shamba la mkonge. Ukatusomea taratibu: breki kwanza, halafu tairi, halafu siti yenye mikanda ya mabegani, halafu shokapu na springi fupi za kuagiza Dar. Injini mwisho kabisa, kwa sababu gari isiyosimama haina haja ya kukimbia. Watu kimya, wanakusikiliza wewe. Mimi hakuna anayeniangalia. Basi hapo ndipo nilipoingia.

"Springi za kuagiza! Wee mtoto! Sisi enzi zetu tulikata koili mbili kwa msumeno, gari ikalala kama paka anayewinda. Mimi Mto Zigi nimeuvuka hewani na gari ya namna hiyo, mamba akainua kichwa asome namba!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee wa kahawa akasema, "Bakari, mwaka jana si ulikuwa Mto Pangani?" Wakacheka zaidi. Nikaona haya, nikakaza shingo. "Shaibu, kata. Mjomba wako nimeshasema."

Na kwetu neno la mjomba mbele za watu halirudishwi. Ungesema hapana ungekuwa umenivua kanzu hadharani. Ukainamisha macho, ukasema, "Sawa, mjomba." Nikajiona simba. Wenzangu wa barazani neno lile walilihesabu pamoja na mamba, wakalisahau.

Ukweli wenyewe hujapata kuusikia, wala mtu mwingine yeyote. Gari ya mashindano sijaendesha hata siku moja. Mbio za magari zilipopita Maramba nikiwa kijana, mimi nilikuwa nimeshika kamba ili watu wasiingie barabarani. Gari moja ikanirushia tope mpaka kwenye meno. Sikunawa. Nikarudi mjini na tope langu, kila aliyeniuliza natoka wapi nikamwambia natoka mashindanoni. Mpaka hapo haukuwa uongo. Uongo ulianza waliponiuliza nilikuwa nikiendesha gari namba ngapi.

Wiki iliyopita mama yako alinipa daftari lako nimsomee, macho yake siku hizi hayawezi maandishi madogo. Nikasoma breki. Nikasoma tairi. Nikafika kwenye springi. Umeandika hivi: "Mjomba kasema zikatwe. Si sawa. Nitakata sasa asiaibike, za Dar zikifika nitabadilisha. Mpaka hapo niende polepole."

Ulijua. Chuo cha ufundi umesoma wewe, sikusoma mimi. Ulijua, na ukakata.

Nikageuza karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea na injini. Mama yako akasema, "Mbona springi hakuziandika, na yeye mtu wa kuandika kila kitu?" Nikamjibu, "Alisahau." Mwanangu, kaburini nilishuka mimi kukupokea, lakini siku ile ya daftari ndiyo niliyokufukia.

Leo nimetoka msikitini moja kwa moja mpaka jikoni kwake. Alikuwa anakuna nazi. Nimemwambia yote, tangu baraza mpaka karatasi niliyoiruka, kisha nikamsomea. Hakulia. Mkono ulisimama tu, akasema, "Rudia." Nikarudia. Alinisikiliza kama hakimu anayevizia neno lililoongezeka. Halikuwepo.

Mwisho akasema, na hakuyasema kwangu, "Basi mwanangu hakuwa na papara." Akayarudia mara nyingi, Shaibu. Halafu ndipo akanitazama. "Kesho ukawaambie barazani, kaka. Kwa mdomo wako huo huo. Nitakuwa mlangoni nasikia."

Sijui kama atanisamehe. Sikumuuliza. Wewe nawezaje kukuomba radhi, nawe uliniheshimu mpaka ikakuua? Nakuombea tu, kila sala, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Kesho baada ya alasiri nitakwenda. Nitawaambia mbio sikuendesha, mto sikuvuka, springi nilikwambia mimi, na wewe ulikataa kwa kalamu usinikatae kwa mdomo. Nawajua wale. Watacheka kwanza, watadhani ni hadithi nyingine ya Bakari. Nitangoja wamalize kucheka, halafu nitaanza upya. Na wakicheka tena nitaanza upya, mpaka mama yako aingie ndani afunge mlango, nijue ametosheka.

Pumzika, mpwa wangu.

Mjomba wako,
Bakari