Sukari Haikutoka na Kondo

Dada yangu mpendwa,

Nakujulia hali kwanza, wewe, shemeji na wanao. Sisi ni wazima. Mwanangu sasa anatembea kwa kushikilia viti, na kila anachokishika anakiangusha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Uliwaambia shangazi zetu kwamba maradhi nayaita mwenyewe, kwamba sukari ya mimba niliyokutwa nayo ilitoka pamoja na kondo la nyuma, na anayeifuata hospitali amekosa kazi. Wakacheka, wakanibandika jina la Bibi Vipimo. Niliumia. Duka hili la keki nimelianza na tanuri la kuazima. Unajua siendi pasipo na hesabu.

Basi sikia hesabu. Mkunga aliniambia nirudi wiki ya sita baada ya kujifungua, nikiwa sijala tangu usiku. Nilikwenda. Zamu yangu ilipofika nikakumbuka kwamba alfajiri nilikuwa nimeonja sukari ya kupambia keki, kidole tu, kama nifanyavyo kila siku bila kujijua. Nilimwambia muuguzi. Alicheka hadi akashika meza, akasema waliokunywa chai amewaona wengi, ila aliyelamba kazi yake, mimi ndiye wa kwanza. Akanirudisha nyumbani. Wiki iliyofuata niliingia jikoni nimejifunga kitambaa mdomoni, wafanyakazi wakaniuliza leo tunaibia benki gani. Nikaenda, nikanywa ile glukosi ya kipimo, tamu kushinda keki zangu zote, nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima nikingoja kupimwa damu.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu ila mume wangu. Namba ya sukari ilikuja 9.2. Haikuwa kisukari, lakini salama inaishia chini ya 7.8, na mimi nilishapita. Wala sikuumwa popote, Dada. Ningekusikiliza wewe, ningekuja kujua macho yakianza kufifia. Nikajifunza kuonja na kutema, nikaacha soda, keki za mitaa ya karibu nikawa nazipeleka kwa miguu. Wiki jana nimepima tena, kipimo cha mwaka, kwa glukosi ile ile: 6.9. Daktari alinipa mkono. Nilitoka pale kifua mbele, na sioni haya kujisifu.

Lakini wewe, mimba yako ya mwisho, uliambiwa maneno yale yale: una sukari ya mimba, urudi kupima. Ukazaa mtoto wa kilo nne na nusu, tukakupongeza, hukurudi. Majuzi ulilalamika kwamba kiu inakuamsha usiku. Nakujua tangu utotoni: ukiogopa, ndipo unapocheka kwa sauti kubwa.

Hasira yangu nawe haijaisha, nitakuja nayo. Jumatano nafunga duka, nitafika kwako kabla hujawasha jiko. Usile, usinywe chai, vaa viatu vya kutembelea. Namba ikiwa nzuri, nicheke utakavyo. Ikiwa mbaya, kuishusha najua, tutashuka nayo wote wawili.

Wafikishie salamu wote hapo nyumbani, na huyo mnene wako mwambie mama mdogo anakuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinichokoza.